Tupeane uzoefu: TV ya kwanza kisiwani kwenu ilikuwaje?

Mvuvi Mstaafu: Wakuu, habari za jioni. Leo nimepita kwa fundi mmoja pale Kirumba, Mwanza, nje karundika TV za chogo, anamsubiri mtu wa chuma chakavu. Nikakumbuka mbali. Wa visiwa vya Ziwa Victoria, Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome, Goziba, TV ya kwanza mliionea wapi, na ilikuwa inashika nini?

Sado ya Dagaa: Kome tulianzia kibanda umiza. Stesheni gani? Deki na kaseti za Wachina wanapigana tu. Ukikosa kiingilio unapeleka dagaa, jamaa anapokea bila maneno.

Mwalimu wa Zamu: Vijana mnaanzia katikati. Kenya walipata TV 1962, Uganda 1963. Sisi Bara tulisubiri mpaka 1994, ITV na wenzake walipoanza kule Dar. Mwalimu Nyerere aliona ni anasa, na kwa hali ya nchi wakati ule mimi simlaumu. Ila fikiria, ziwa ni hilihili moja, wa ng'ambo wanatazama picha, sisi huku tumeinamia redio ya RTD.

Pwani Raha: Hapo kwenye "Bara" umesema vizuri. Zanzibar TVZ ilikuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi.

Sado ya Dagaa: Bwana wee, mada ni visiwa vya ziwani.

Pwani Raha: Kwani Unguja imeota mlimani?

Mwalimu wa Zamu: Muacheni, kasema kweli. TVZ ilianza na rangi wakati majirani zetu bado wako kwenye nyeusi na nyeupe.

Binti Bwisya: Jamani mmenitonesha. Sisi Ukara TV ilikuwa ya baba mdogo, inchi 14, mlingoti wa antena umefungwa kwenye mwembe, na kazi yangu ilikuwa kuuzungusha. Kutoka ndani ni kelele tu: "Rudisha! Hapohapo! Umepitiliza!" Basi ikafika 31 Mei 2002, Kombe la Dunia, Senegal na Ufaransa, saa nane na nusu mchana. Umeme hakuna. Betri ya gari ilivushwa kwa mtumbwi kwenda kuchajiwa Ukerewe, ikarudi asubuhi ileile. Mwalo mzima ulihamia kwetu, hata waliotakiwa kulala ili usiku waende kwenye dagaa.

Bao la Papa Bouba Diop tuliliona, kibanda nusura kipasuke. Kipindi cha pili betri ikachoka. Mnaijua ile: picha inasinyaa kutoka pembeni, Wafaransa wanazidi kuwa wembamba, kisha kinabaki kitone cheupe katikati, kinazima. Watu wakadai hela yao. Baba mdogo hela ameshalipia deni la nyavu. Wakang'oa nguzo, turubai likatushukia watoto tuliokaa mbele mchangani. Giza, joto, mtu kanikalia shingoni, nalia sisikiki. Hapo nilijua nakufa. Nilipochomoza namwona baba mdogo anakimbilia majini kaikumbatia TV, akarukia mtumbwi, mtumbwi ukayumba, yeye na TV chubwi! Na hajui kuogelea. Waliokuwa wanamdai ndio walioruka kumtoa.

Chenga Tupu: Pole dada. TV ilipona?

Kamanda wa Igogo: Mtu kakaliwa shingoni wewe unauliza TV!

Chenga Tupu: Si yeye yupo hapa anaandika? TV ndiyo hatuna taarifa zake.

Fundi Redio: TV ikiingia maji funika ndani ya mchele siku tatu.

Kamanda wa Igogo: TV ya chogo? Gunia ngapi?

Fundi Transfoma: Msimsikilize. Chogo hata ukichomoa waya linabaki na umeme, ukilishika vibaya linakurusha. Anika, kaa mbali.

Mzawa wa Ilugwa: Mimi TV ninayoikumbuka ni ya Septemba 2018. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20, kimebaki kidogo tu kifike Bwisya, Ukara. Nilikuwa Buzuruga, Mwanza, simu za nyumbani hazipokelewi, nikashinda kwenye duka la jirani nikitazama taarifa. Jumamosi wakamtoa yule fundi wa kivuko akiwa hai baada ya siku mbili, duka zima tukashangilia, nikasema basi na shangazi yumo kwenye hewa mahali. Hakuwemo. Walikufa watu 228. Mpaka leo wakirudia zile picha naondoka sebuleni.

Binti Bwisya: Pole sana ndugu yangu. Tulizika majirani.

Mvuvi Mstaafu: Pole mkuu. Mungu awapumzishe.

Sado ya Dagaa: Mimi kilio changu ni Februari 2013 mitambo ya analojia ilipozimwa Mwanza. Nilikuwa naipata Star TV bure, ya hapahapa kwetu, kesho yake chenga. King'amuzi sina, bibi ananiambia nimeiharibu.

Mwalimu wa Zamu: Picha ilikuja safi lakini, tuseme ukweli.

Sado ya Dagaa: Safi kwa mwenye hela ya kifurushi.

Chenga Tupu: Dada wa Bwisya, bado nasubiri.

Binti Bwisya: Haya. Baba mdogo aliianika kwenye chanja ya dagaa wiki nzima. Ikawaka, sauti tu. Taarifa ya habari tukawa tunasikiliza, na kiingilio akapunguza nusu.

Kamanda wa Igogo: Na watu walilipa?

Binti Bwisya: Walilipa.