Mrejesho: Kukimbia vilimani Edinburgh wakati wa baridi

Ndugu zangu, mwezi wa Novemba niliwaomba ushauri kama mtu aliyezoea kukimbia barabarani, tena katika joto la Tanga, anaweza kujiunga na klabu ya mbio za vilimani hapa Edinburgh, Uskoti, katikati ya majira ya baridi bila kuumia. Mlinijibu niende, ila nisikimbie peke yangu. Nilifuata ushauri huo na ninawashukuru kwa dhati.

Mnamo Desemba jua huzama huku kabla ya saa kumi alasiri, hivyo mazoezi ya jioni hufanyika gizani, kila mmoja akiwa na taa kichwani. Tunapanda na kushuka mteremko mmoja wa Arthur's Seat, kilima chenye kimo cha mita 251, mara sita au nane, na waliotangulia huwarudia wa nyuma ili asiachwe mtu. Kupanda hakukunishinda. Kilichonitesa ni kushuka: nilikuwa nikijizuia kwa visigino, na kwenye nyasi zenye barafu nilianguka mara mbili, mpaka mzee mmoja wa klabu aliponielekeza niinamishe mwili mbele kidogo, nifupishe hatua na kutazama mbele badala ya miguuni. Viatu vyenye meno marefu mlivyonisisitizia vinasaidia sana kwenye matope, ingawa juu ya barafu ngumu havishiki.

Jumamosi iliyopita tulifika Scald Law, mita 579, kilele kirefu kuliko vyote vya milima ya Pentland. Goti la kushoto bado linauma kidogo, kwa hiyo kwa sasa ninapanda vilima mara moja tu kwa wiki.