Naombeni ushauri: niwapeleke watoto bustani ya michezo ya Motiongate ya Dubai sasa, au nisubiri eneo la filamu ya Frozen la Disneyland Paris?

MamaWawili (Muscat):

Assalaam alaikum wana jamvi.

Sisi ni Watanzania tunaoishi Muscat. Nina watoto wawili: binti ana miaka mitano na nusu, kaka yake ana tisa. Mama mkwe wangu atakuja kutoka Unguja kukaa nasi kidogo, na mume wangu ameshasema safari yoyote tutakayofanya hatumwachi nyumbani. Magoti yanamsumbua, kusimama kwa muda mrefu hawezi.

Tumedunduliza kwa ajili ya safari moja ya watoto, na njia ziko mbili. Ya kwanza ni Dubai, likizo fupi ya katikati ya mwaka wa masomo, kwa gari letu, tuingie Motiongate kwenye maeneo ya Shrek, Madagascar, Kung Fu Panda na How to Train Your Dragon. Ya pili ni kuiacha Dubai, tuendelee kuweka akiba hadi likizo ndefu, twende Paris, maana Disneyland ya huko wametangaza kufungua eneo zima la Frozen tarehe 29 Machi 2026.

Binti yangu hana lingine ila Frozen, ile filamu ya Elsa na dada yake Anna. Analala akiziimba nyimbo zake, anaamka akiziimba. Kaka yake yeye ni wa majoka ya Berk, kile kijiji cha How to Train Your Dragon.

Hofu yangu ni kwamba watoto wa umri huu wanabadilika upesi. Nikisubiri, huenda mapenzi yake yamekwisha tukifika. Nikienda Dubai, nimpeleke mahali ambapo hakuna hata kitu kimoja cha Elsa? Waliowahi kufika nipeni mawazo yenu, hata kama ni makali.

---

Mpima Urefu:

Waalaikum salaam dada. Naendesha michezo kwenye bustani mojawapo hapa Ghuba, sitaitaja, kwa hiyo nazungumzia ninayoyaona kazini.

Kabla ya kuangalia bei, wapime watoto urefu. Ndicho kitu kinachowaliza watoto mlangoni kuliko vyote. Maeneo haya ya filamu yana michezo ya aina mbili. Kuna ile ya hadithi: unakaa kwenye mashua au kigari, unapita gizani polepole, sanamu zinaimba na kusogea. Mingi ya hii haina kipimo cha urefu. Halafu kuna ile ya kasi, ambayo kipimo chake hakina mjadala. Chukua mfano wa Paris hiyohiyo unayoitaka: kwenye mchezo wa Ratatouille anaingia mtoto wa urefu wowote, lakini Crush's Coaster inataka sentimita 107, na RC Racer ya Toy Story inataka 120.

Wazazi wengine huwavalisha watoto viatu vya soli nene ili wapite. Tafadhali msifanye hivyo. Chuma kinachomshika mtoto kimetengenezwa kwa mwili wa kimo fulani, na soli haimwongezei mapaja wala kifua. Amepita kwenye kijiti cha kupimia, ndiyo, ila kwenye kiti bado yuko legelege.

Binti ana urefu gani? Na ni mwoga wa giza?

---

Shangazi wa Marne:

Dada, mimi niko Ufaransa, na huko Disneyland nimepeleka wageni kutoka nyumbani mara nyingi tu. Nikuambie kitu ambacho matangazo hayakisisitizi. Eneo la Frozen la Paris lina mchezo mkubwa mmoja, ile safari ya mashua. Hong Kong, walikofungua eneo lao Novemba 2023, wana mashua na pia rola-kosta ndogo (kigari cha reli cha kupanda na kushuka kwa kasi) ya magari ya theluji ya Oaken, yule mwenye duka wa Frozen. Kwa hiyo usilipie ndege ukidhani utapata siku nzima ya kupanda na kushuka.

Utakachokipata ni kijiji chenyewe: nyumba za Arendelle, ule mji wa Frozen, kasri ambamo watoto watakutana na Anna na Elsa, ziwa, na mlima uliojengwa kufikia mita 36. Kwa mtoto wa miaka mitano hilo si dogo hata kidogo. Anayempenda Elsa hahitaji kasi. Anahitaji kumshika mkono.

Bustani yenye eneo hilo ndiyo iliyokuwa ikiitwa Walt Disney Studios tangu 2002, na jina lake jipya ni Disney Adventure World. Humo humo kuna Toy Story tangu 2010 na uwanja wa Ratatouille tangu 2014. Jirani yake kabisa iko ile bustani ya kwanza ya 1992, yenye Peter Pan, Pinocchio na Snow White. Ukitoka Paris mjini unapanda treni ya RER A mpaka kituo cha mwisho, Marne-la-Vallée Chessy, na ukitoka kituoni geti unaliona.

Linalonipa wasiwasi ni huyo bibi. Eneo jipya, majira yake ya kwanza ya joto, watoto wa nusu ya Ulaya wako likizo. Foleni itakuwa ya kweli. Viti vya magurudumu vya kukodi vipo, lakini siku ni ndefu na kutembea ni kwingi.

---

Ami Saidi (Mombasa):

Mimi nasema subiri. Mtoto akikuomba samaki usimpe kuku, hata kuku akiwa mtamu. Pesa ya safari ya namna hii haipatikani kila mwaka, basi itumike pale penye moyo wa mtoto.

---

MamaWawili (Muscat):

Ahsanteni sana, nimesoma kila neno.

Mpima Urefu: binti ana sentimita 108, kaka 133. Giza haliogopi sana akiwa amekaa na mtu wake, ila kelele za ghafla na kushuka kwa kasi hapana kabisa. Kaka yake ndiye wa kasi.

Ami, shukrani. Hapo ndipo roho yangu inaponivuta pia, lakini watoto ni wawili, na wa kwanza hajawahi kulalamika kwamba kila kitu ndani ya nyumba ni Frozen. Namwonea huruma.

---

Kaka wa Orlando:

Shemeji, kama kijana ni wa Berk, ajue kwamba huku Orlando bustani ya Epic Universe iliyofunguliwa 22 Mei 2025 ina kisiwa kizima cha Berk. Najua Marekani ni mbali na viza yake ni kazi, nalitaja tu ili ujue ndoto hiyo haifungwi na safari hii.

Siku mkifika, msiipite Animal Kingdom, bustani ya Disney ya huku huku. Tangu 1998 wana mji wa kubuni unaoitwa Harambe, uliojengwa kwa kuangalia Lamu, na onyesho la Lion King liko humo. Mtoto wetu wa pwani akikuta dari na milango ya kwao iko Florida, anasimama na kutazama. Mimi mwenyewe nilisimama.

---

Mpima Urefu:

Mwenye mada, kwa vipimo hivyo binti hafiki 120 ya baadhi ya michezo ya kasi, lakini kasi yenyewe anaiogopa, kwa hiyo haimharibii siku. Sasa nikueleze Motiongate, kwa sababu naona watu wanaizungumzia kama zawadi ya kufutia machozi, na siyo.

Ilifunguliwa Desemba 2016, iko barabara ya kwenda Abu Dhabi, upande wa Jebel Ali. Sehemu yote ya DreamWorks, studio iliyotengeneza filamu hizo za Shrek na majoka, iko ndani ya jengo moja lenye kiyoyozi. Yaani unatoka kwenye dimbwi la Shrek, hatua chache uko Madagascar, hatua nyingine uko Berk, na jua hujaliona. Kwa mtu mwenye magoti mabovu, hilo peke yake ni jambo kubwa. Bibi atakaa pamoja na mabegi, watoto watamzunguka, hamtapotezana.

Kaka mtu ana Dragon Gliders, rola-kosta ya kuning'inia inayopita ndani ya dunia ya majoka yake, na ana Madagascar Mad Pursuit. Binti ana safari ya Shrek, ya taratibu, ya hadithi tupu. Ana na bembea ya kuzunguka ya Melman yule twiga. Ukumbi wa Kung Fu Panda viti vinatikisika na skrini ni kubwa, huo mwingie mmoja wenu kwanza kabla ya kumpeleka. Nje ya jengo kuna kijiji cha Smurfs, vile vijitu vya buluu vya katuni, kwa umri wake ni kizuri mno.

Na muulize mhudumu mlangoni kuhusu kubadilishana wazazi. Baba anapanda na kijana, wewe unasubiri na binti karibu na lango, wakirudi unapanda wewe bila kuanza foleni upya. Bustani nyingi duniani zina utaratibu huu, ila wengi wa wageni wetu hawaujui wala hawaulizi.

---

Mke wa Yas:

Usisahau bustani ya Warner Bros. World ya Abu Dhabi, kisiwa cha Yas, tangu Julai 2018. Ile yote iko ndani, mwanzo mpaka mwisho. Tatizo lake kwa watoto wako: maeneo yake ya katuni ni Tom and Jerry, Scooby-Doo, Bedrock ya Flintstones. Mimi na mume wangu ndio tuliofurahi, kwa sababu ndizo tulizokulia kwenye televisheni. Watoto walifurahia michezo, lakini wenyeji wa pale hawakuwajua.

Na kama mtu atakushauri kusubiri Disney ya Abu Dhabi iliyotangazwa Mei 2025, achana na ushauri huo. Bustani kama ile inajengwa kwa miaka. Binti atakuwa ameshavunja ungo.

---

Shangazi wa Marne:

Mke wa Yas umenena kitu kikubwa. Eneo la filamu bila filamu kichwani ni kuta zilizopakwa rangi. Disney ya California walipojenga mtaa mzima wa filamu ya Cars mwaka 2012, watu walikaa vibarazani jioni kungoja taa za rangi ziwake, bila kupanda chochote, kwa sababu mtaa ule walikuwa wameshauishi nyumbani kwenye skrini. Mimi eneo nalipima kwa yule asiyepanda kitu. Kama bibi anaweza kukaa saa nzima akafurahi, wamejenga vizuri.

Basi dada, ukiamua Dubai, msiende mikono mitupu. Kaeni nyumbani na bibi, mtazame Shrek, mtazame Madagascar, mtazame ya majoka. Binti akishampenda Punda wa Shrek hatauliza Elsa yuko wapi. Na mwambieni mapema, kabla ya kufunga mizigo, kwamba Elsa hayupo kule. Asiligundue getini.

Halafu kuna la viza, nimelikumbuka sasa. Mama mkwe anaishi Tanzania, sivyo? Viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa ikiwamo, inaombwa nchi ambayo mtu ni mkazi wake. Yeye ataomba akiwa Tanzania kabla hajaja kwenu, ninyi mtaomba Oman. Akiwa Muscat kwa viza ya matembezi, wanaweza kumkatalia kupokea maombi.

---

MamaWawili (Muscat):

Shangazi, hilo la viza limenifungua macho. Tiketi ya mama imeshakatwa na hakuna muda wa kuomba Schengen huko. Kwa hiyo Paris na bibi haiwezekani mwaka huu, na bila bibi mume wangu hatakubali, na kusema kweli hata mimi sitaki.

Tunakwenda Dubai. Filamu tutaanza kuzitazama mama akishapumzika na uchovu wa safari. Paris inabaki kwenye akiba, na binti nitamwambia hivyo hivyo.

Nisaidieni mawili ya mwisho. Viza ya Paris ya watoto ni kiasi gani, nianze kuiweka pembeni? Na kwenda Dubai kwa gari kutoka Muscat, mama mkwe atahitaji nini mpakani?

---

Shangazi wa Marne:

Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90, mtoto wa miaka 6 hadi kabla ya 12 ni yuro 45, chini ya sita hailipwi. Kampuni inayopokea fomu inaweza kuongeza ada yake. Bima ya safari lazima ifikie yuro 30,000. Mnaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na msikae hadi zimebaki siku 15.

---

Mpima Urefu:

Ninyi wenye ukazi wa Oman mtaomba kibali cha kuingia Imarati (Falme za Kiarabu, ilipo Dubai) mtandaoni kabla ya kuondoka. Bibi si mkazi wa Ghuba, yeye aombewe viza yake ya utalii peke yake. Na hili msilisahau: viza yake ya Oman iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo akitoka kwenda Dubai atakuwa ameitumia yote na kurudi Muscat itakuwa shughuli. Bima ya gari nayo iangalieni kama inafika Imarati. Ni kama kilomita 450, saa nne hadi tano, ongeza na mpaka.

Siku ya kuingia ichagueni kati ya Jumatatu na Alhamisi. Ninyi huko mnapumzika Ijumaa na Jumamosi, lakini tangu 2022 Imarati wikendi yao ni Jumamosi na Jumapili na nusu ya Ijumaa, kwa hiyo Jumapili ambayo kwenu ni siku ya kazi, huku watu ni wengi. Fikeni milango ikifunguliwa. Baba na kijana waende moja kwa moja Dragon Gliders kabla foleni haijajaa, wewe na binti mwanzie kwa Shrek, bibi mtafutieni kiti karibu na bembea ya Melman ambapo atawaona wajukuu wakizunguka.