Mwenye Toyota IST anataka milioni 12.5, mimi nina 10.8 za kikoba. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Mbagala

Habari za jioni wadau. Naomba ushauri, tena kabla ya Jumamosi asubuhi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Mbagala Rangi Tatu. Mwezi uliopita tumevunja kikoba, nikachanganya na akiba yangu ya miaka mitatu, nikapata 10,800,000. Hiyo ndiyo yote, hakuna nyingine nyuma yake. Mama yangu alivunjika nyonga mwaka jana na bado anahudhuria kliniki ya mifupa Muhimbili. Siku ya kliniki tunatoka nyumbani saa 10 alfajiri ili apate siti, na hata hivyo kuna mahali lazima ateremke apande gari jingine, na fimbo yake mkononi. Gari ninalolitafuta ni la kumpeleka mama na kunifikisha kazini, basi.

Nimeona Toyota IST ya mwaka 2005, rangi ya fedha, namba D, ipo yadi moja Kinondoni. Tangazo linasema cc 1,490, kilomita 84,000, "haijaguswa, ni mafuta yako tu". Bei 12,500,000, maongezi yapo.

Nimeshaenda mara mbili. Mara ya kwanza dalali aliniuliza, "Dada, umejipangaje?" nikamjibu ukweli kwamba nina 10.8. Akatikisa kichwa, akasema hiyo ni bei ya namba C, yaani gari lililosajiliwa zamani zaidi. Mara ya pili nilimwomba sana, nikamweleza na habari za mama, akashuka hadi 12.2 na kusema hapo mwenye gari amekaza. Jana usiku amenipigia: kuna mteja wa Tegeta anakuja na pesa mkononi, kwa hiyo nitume laki 5 ya kishika uchumba anizuilie.

Sijatuma. Lakini gari lile nimelipenda na naogopa kulikosa. Je, nimeshaharibu kwa kutaja hela yangu? Na nikirudi Jumamosi nianze na bei gani bila kuonekana simheshimu mwenye mali?

Fundi Bodi Tabata

Mwalimu, hongera kwa kuikusanya hiyo hela, na usitume hata shilingi. Kishika uchumba kinatoka baada ya gari kukaguliwa, kadi ya gari kuonekana na bei kufikiwa, na kinaandikwa: nani kapokea, lini, na mkishindwana inarudi vipi. Wewe bado hujafika hata kwenye moja kati ya hayo.

Mimi nanyoosha bodi na kupiga rangi tangu 1998. Nilianzia Gerezani nikiwa kijana wa kusugua msasa, sasa nina gereji ndogo Tabata. Gari nyingi za kuuzwa zimepita mikononi mwangu. Mtu ananiletea Jumatano, Ijumaa inang'aa, Jumamosi ipo sokoni imeandikwa "haijaguswa". Rangi yenyewe si dhambi. Gari ya Dar inakwaruzwa na bodaboda kila wiki, lazima ipakwe. Kinachoniuma ni mtu kama wewe kulipia rangi yangu kwa bei ya rangi ya kiwandani.

Kuhusu kutaja hela, usijilaumu, ila usirudie. Na habari za mama mwachie mama. Ukimwambia mtu "nipunguzie, mimi mwalimu", atakuonea huruma na bei itabaki palepale. Ukimwonyesha tairi mbili za mbele zimekwisha, itabidi akujibu habari ya tairi.

Kwa hiyo Jumamosi nenda mapema, saa 1 asubuhi kabla hawajaiwasha. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, wameshaipasha. Kunywa chai, subiri ipoe, ndipo iwashwe mbele yako na mtu mwingine asimame nyuma ya eksozi. Moshi wa buluu ni injini inayokula oili. Nenda na fundi wa injini wako mwenyewe, umlipe wewe. Fundi aliyeletwa na dalali anakula kwa dalali.

Sasa bodi, maana hapo ndipo kwangu. Fungua mlango, pitisha kidole chini ya ile raba inayozunguka fremu. Rangi ya kiwandani ni laini mpaka ndani. Rangi yetu inaishia kwenye ukingo, unaisikia kwa kidole kama kijingazi kidogo. Kisha fungua boneti uangalie nati zinazoshika fenda. Nati ambayo haijawahi kufunguliwa imevaa rangi moja na bodi, pembe zake nzima. Iliyoguswa na spana ina makovu, rangi imebanduka kwenye kona. Ukiona hivyo uliza tu, "Huku iligongwa nini?" halafu nyamaza. Usimjazie jibu.

Kitu kimoja nakuomba usikiruke: mkanda wa kiti. Baada ya mvua za 2024 nililetewa gari nipige rangi milango miwili. Nzuri, ndani imefuliwa, inanukia maua. Nikavuta mkanda wa dereva niufunge pembeni usipate rangi, nikauvuta mpaka mwisho wake kabisa. Sehemu ile isiyotoka siku zote ilikuwa na mstari wa matope yaliyokauka, na chini ya mstari mkanda wote una rangi ya chai. Gari ilikuwa imezama hadi usawa wa kifua. Kapeti unaweza kuifua, viti ukavibadilisha, ila watu husahau kufua mwisho wa mkanda. Vuta yote minne. Ukiona tope, ondoka, hata wakikuuzia milioni 6. Nyaya za gari iliyozama zitakusumbua mpaka uichukie.

Halafu soma tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hakuna anayeweza kubishana na namba iliyochomwa kwenye mpira.

Tazama pia namba ya chasisi kwenye kadi. IST ikianza NCP60 ni injini ya lita 1.3, yaani cc 1,300 hivi, NCP61 ni lita 1.5, yaani cc 1,500 hivi. Matangazo mengi yanaandika 1,490 kwa zote, na 1.5 bei yake iko juu.

Ijumaa pita Gerezani au Shauri Moyo uulizie bei ya vitu unavyohisi vitahitajika: tairi, shokapu, bushi. Andika kwenye karatasi. Ukimaliza kukagua, kaa na mwenye gari, msomee karatasi moja baada ya nyingine, ndipo utaje bei yako. Anza na 9.7. Hiyo siyo dharau ikiwa umeshamweleza umeitoaje.

Mtu wa Kinondoni

Mimi ni dalali, mwaka wa tisa sasa, na aliyosema fundi sipingi. Ila nikufungulie upande wetu.

Dalali anakula sehemu mbili. Kuna udalali anaopewa na mwenye gari, na kuna cha juu. Mwenye gari anasema "mimi nataka 11.8", dalali anatangaza 12.5, kinachozidi ni chake. Ndiyo maana ukimwomba dalali apunguze unaomba mkate wake, atashuka laki 3 na kukwambia mwenye gari amekaza wakati hajampigia hata simu. Sisemi huyo wako amefanya hivyo. Nasema omba kukutana na mwenye jina kwenye kadi, na umwambie dalali mapema: "Kaka, udalali wako upo, sitakuruka." Usimzunguke. Ukimhakikishia chake atakuleta kwa mwenye gari mwenyewe, na hapo bei halisi itajulikana.

Mteja wa Tegeta anaweza kuwepo kweli. Mwache aje. IST zipo nyingi mjini, na hiyo ndiyo nguvu yako, ila ina nguvu kama kweli uko tayari kuondoka.

Jambo jingine, usishangae gari ya 2005 kushikilia bei. Kuagiza gari iliyozidi miaka 10 kuna ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine. Yaliyokwisha kuingia nchini yanabebwa na hesabu hiyo.

Jembe la Pugu

Mwalimu achana na gari la mkononi, agiza mwenyewe Japan upate mpya kwako.

Mwalimu wa Mbagala

Asante kaka, ila kwa 10.8 nimepiga hesabu na kodi, haifiki. Na mama ana kliniki Jumanne ijayo.

Mama Nasra

Mwanangu, wenzako wamekwambia habari za gari, mimi nikwambie habari za kadi, maana ndiko nilikoumia.

Nilinunua Passo kwa kijana mmoja mstaarabu sana. Bei alinipunguzia bila shida, laki 8 kwa dakika chache, nami nikafurahi kwamba najua kuongea. Kumbe alikuwa na haraka yake. Jina kwenye kadi halikuwa lake wala la aliyemuuzia yeye. Lilikuwa la mtu wa kwanza kabisa, aliyekuwa ameshahamia Songea. Hao wawili wa katikati hawakuwahi kuhamisha umiliki TRA, mamlaka ya mapato. Nimehangaika miezi mitano, nimemtumia nauli mzee wa watu, na zile laki 8 zimeisha humo humo na nyingine juu.

Kwa hiyo taka kadi halisi, siyo nakala wala picha ya simu. Ukiambiwa "kadi ipo kwa bosi" ujue huenda imewekwa dhamana ya mkopo. Jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha huyo unayempa hela. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini wa polisi wa usalama barabarani uone madeni. Kosa moja ni 30,000 na yanarundikana. Mkataba muandikiane kwa wakili, hela ipite benki kwenda kwa jina hilohilo la kwenye kadi. Na usilipe yote. Bakiza kitu mpaka mmefika TRA wote wawili na TIN zenu, namba za mlipakodi.

Mama mpe pole.

Mwalimu wa Mbagala

Wadau, ni Jumapili usiku, nimeona ni vizuri nirudi.

Ijumaa nilimpigia dalali nikamwambia kama alivyosema kaka wa Kinondoni, kwamba udalali wake upo ila nataka kuonana na mwenye gari. Alinyamaza kidogo, akasema sawa. Jumamosi saa 1 kasorobo nilikuwa pale na fundi wangu na kaka yangu. Boneti lilikuwa la baridi.

Mikanda nilivuta yote minne, misafi mpaka mwisho. Nilishukuru Mungu kimoyomoyo, maana nilikuwa nimeshaapa kuondoka. Kijingazi cha fundi nilikikuta mlango wa nyuma kushoto, na nati mbili za fenda upande huohuo zina makovu. Tairi za mbele zimeandikwa 1117. Fundi wangu akasema injini iko vizuri, ila shokapu za nyuma zimechoka.

Mwenye gari alifika saa 3, mzee wa makamo ya baba yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, tukakaa kwenye benchi la muuza chai. Nikamwomba kadi na kitambulisho. Jina lake, sura yake, na chasisi NCP60. Nikamwonyesha tangazo limeandikwa cc 1,490. Aliliangalia muda mrefu, akamgeukia dalali, akasema, "Mimi nilikwambia ni moja nukta tatu." Pia hakujua kwamba gari lake linatangazwa 12.5. Yeye alitaka 11.8.

Nilisoma karatasi yangu taratibu: tairi, shokapu, mlango, injini kuwa ya 1.3. Nikataja 9.7. Mkono ulikuwa unatetemeka nikauweka chini ya mkoba. Akasema 11.2. Nikasema mzee wangu, mlango umepakwa, nimeuona kwa kidole. Akakubali kwamba mwanawe aliukwangua kwenye geti. Nikapanda 10, akashuka 10.8, ileile hela yangu yote, na nadhani dalali alikuwa amemwambia. Hapo nilisimama. Nilimwambia nikilipa hiyo sitakuwa na ya uhamisho wala ya tairi, na sitamweka mama kwenye gari lenye tairi za 2017. Nikamshukuru, nikachukua mkoba. Tulikuwa tumefika barabarani dalali alipokuja kutuita.

Tumekubaliana 10,300,000. Madeni ya trafiki yalikuwa matatu, 90,000, na mzee amelipa mwenyewe palepale kwa simu. Udalali analipa yeye. Kesho asubuhi tunaanzia kwa wakili, kisha benki, na laki 3 nimebakiza mpaka tutoke TRA. Zitakazosalia kwenye 10.8 yangu zinatosha uhamisho, bima ndogo na tairi mbili, na zikipelea kaka yangu ameahidi kuongezea.

Mama ameuliza jambo moja tu, kama kiti cha mbele kinarudi nyuma vya kutosha kwa ajili ya mguu wake. Kinarudi. Nilikipima kwa fimbo yake.