Kishona nguo kwa magoti ya mama: naomba ushauri kabla hajaanza kunywa

Binti_Kigogo: Ndugu wanajamvi, mama yangu ana umri wa miaka 63, na kwa miezi minne sasa magoti yake yanavimba kila jioni hata hawezi kusujudu bila kushika kiti. Jirani amemletea fungu la kishona nguo, ule mmea ambao mbegu zake nyeusi huganda kwenye sketi ukipita vichakani, akamwelekeza achemshe na kunywa glasi mbili kwa siku. Nimesoma kwamba una antioksidanti, yaani viini vinavyosaidia kukinga seli zisiharibike, na hutuliza uvimbe. Wasiwasi wangu ni kwamba mama anatumia dawa za kisukari, na majani yenyewe yalichumwa kando ya Mto Msimbazi, jijini Dar es Salaam. Je, nimwache anywe?

Mchanganuzi: Dada, ulichosoma si uzushi. Kishona nguo, kwa jina la kitaalamu Bidens pilosa, kina flavonoidi kadhaa, ambazo ni aina ya antioksidanti, na maabara huipima nguvu yake kwa kutia dondoo ya majani katika kimiminika cha zambarau kiitwacho DPPH. Rangi ikififia kuelekea manjano, dondoo imefaulu. Lakini imefaulu ndani ya kichupa, wala si ndani ya goti. Kwa upande wa uvimbe, panya hudungwa karajinani unyayoni (dutu ya kuleta uvimbe, itokayo kwenye mwani mwekundu kama ule unaolimwa Zanzibar), kisha unyayo hupimwa baada ya saa chache, ilhali uvimbe wa mama ni wa miezi. Tena dondoo nyingi hutengenezwa kwa methanoli au ethanoli, ambazo ni alkoholi, si kwa maji ya sufuria.

Kinachonitisha zaidi ni Msimbazi, mto uliochafuliwa na maji taka ya viwanda. Mmea huu hufyonza kadimiamu, metali yenye sumu, ardhini na kuilimbikiza hadi majanini, kiasi kwamba wanasayansi wameuchunguza kama njia ya kusafishia udongo uliochafuliwa. Hata ukiyaosha majani kwa maji ya chumvi, kilichomo ndani hakitoki. Fungu hilo litupe.

Kuhusu kisukari, dondoo zake zimeshusha sukari kwa panya. Dawa ya metformini peke yake ni nadra kuishusha kupita kiasi, lakini kama mama amepewa pia glibenklamaidi au insulini, ambazo zenyewe huweza kuishusha hivyo, usithubutu kuchanganya. Tazama kadi yake.

Bibi wa Lushoto: Mwanangu, kwetu majani yake machanga, kabla hayajatoa maua, tunayapika na karanga na kula na ugali, nami sijaona aliyedhurika. Hata hivyo, mboga ya mara moja moja si sawa na glasi mbili za maji machungu kila siku. Jirani ana nia njema, ila goti hakulipima.

Binti_Kigogo: Nawashukuru sana. Kadi nimeitazama, na glibenklamaidi imo. Fungu nimelitupa na mama amenuna, ingawa amekubali twende kliniki Jumatatu kwa sharti kwamba habari za majani nimweleze daktari mimi, kwa kuwa glasi ya kwanza alikwisha kuinywa jana nikiwa kazini.