Nanyuki na watoto Agosti: rafiki anataka tupande Lenana, mnasemaje?

MamaZuri_Donholm
Wadau habari zenu. Watoto wakifunga shule Agosti tunaenda Nanyuki familia mbili, sisi na rafiki wa bwanangu wa tangu chuo na familia yake. Mtoto mdogo ana 7, mkubwa 15. Sasa huyo rafiki ashaamua twende na watoto hadi Point Lenana, kilele cha Mlima Kenya, wikendi moja tu, tulale juu usiku mmoja turudi, eti yeye alipanda akiwa kijana na hakuumwa hata kichwa. Mimi nataka watoto walowe, wachafuke, wapige nduru, lakini kubeba mtoto anayetapika kwa hiyo baridi hapana. Kuna nini kingine huko cha kurusha roho? Na tuende na gari ama treni?

Kifaru_Mzee
Mama Zuri hiyo ya wikendi ikatae kabisa. Lenana ni mita 4,985 na Nairobi tuko 1,700 na kitu, mwili unataka siku kadhaa kuzoea, ukipanda mbio kichwa kinagonga, chakula hakikai, na huyo wa 7 hata hajui kusema anavyojisikia, atanyamaza tu mdhani ana usingizi. Ikifika hapo ni kumshusha, si kumpa dawa ya kichwa na kusonga mbele. Huyo jamaa mpeni mlima kidogo: ingieni geti ya Sirimon mtembee na hao watoto wakubwa kuelekea kambi ya Old Moses, mita 3,300, kama kilomita 9 kwenda tu, mkichoka mnageuka. KWS, hao wa mbuga za wanyama, wanalipisha kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, kwa hivyo malizeni kabla hamjafika getini.

wa_Timau
Mbona hakuna mtu amesema msitu wa Ngare Ndare?? Kuna daraja la waya limening'inizwa juu kwenye miti, mita 450, ukikanyaga linayumba na chini unaona msitu mtupu. Watoto huvuka wakicheka, wazee ndio hushika waya kwa mikono miwili na kuacha kuongea. Kisha kuna maporomoko na vidimbwi vya bluu, maji ni ya mlimani, ukiruka pumzi inakatika kwanza ndio unapata sauti ya kupiga nduru. Mnatembezwa na askari wa msitu kwa sababu ndovu wanapita hapo wakitoka hifadhi ya Lewa kwenda Mlima Kenya, wana hadi njia yao chini ya barabara ya Meru. Mvua ikinyesha hiyo gari yenu ndogo iacheni mjini Timau.

Dere_wa_Thika_Road
Treni ni tamu lakini inajikokota, na inakuacha stesheni huna gari, na huko kila kitu kiko mbali na kingine. Endeni na gari mshuke Sagana, mto Tana, kuna kushuka maporomoko kwa boti la mpira na pia banji, ile ya kuruka ukiwa umefungwa kamba. Ulizeni umri wanaokubali KABLA hamjaahidi watoto, mtoto akiachwa kando ya mto na mkubwa wake anapita akipunga kasia, hiyo kesi mtaisikia hadi Krismasi.

MamaZuri_Donholm
Asanteni jamani. Nimemtumia huyo rafiki hii thread, amejibu "sawa" bila nukta, bwanangu anasema hiyo sawa ina maneno. Mke wake amenipigia kando anacheka, Ngare Ndare ameshapitisha. Sasa natafuta nyumba ya kukodi Nanyuki yenye jiko kubwa na mablanketi ya maana, mwenye nayo aje inbox.