Tupeane uzoefu: ulishusha muziki "kuonja tu", ulirudi kununua?

folda_ya_zamani: Wakuu jana nimewasha kompyuta ya zamani nitoe picha nikakutana na folda nimeiita NTANUNUA. Albamu 61, za tangu 2005. Sheria yangu ilikuwa nashusha, nasikiliza wiki mbili, ikinikaa nanunua, isiponikaa nafuta. Nilizonunua nne. Nilizofuta hakuna hata moja. Tusidanganyane, nyie mlirudi?

kipepe0: Nne nyingi mkuu 😂

Bw_Kaseti: Mimi nilirudi sana tu. Enzi za Napster, ile programu ya kurushiana nyimbo bure mtandaoni, 1999 mpaka kesi zilipoifunga 2001, nilijua bendi ambazo redio isingenipigia milele. Kabla ya hapo unanunua albamu nzima kisa wimbo mmoja, zilizobaki takataka na duka halirudishi hela. Pale mwizi alikuwa nani?

mpiga_besi: Hapo ndo mnaponikera. Studio nimelipa mfukoni kwangu, halafu mtu ananifuata baada ya shoo, kaka albamu yako naisikiliza mwaka mzima, imenivusha kwenye msiba. Nikamuuliza umeipata wapi, anacheka, mshkaji alinirushia. Unaonja mwaka mzima? Ukishaona chini ya sufuria wewe umekula.

Bw_Kaseti: Punguza munkari. Bendi ya Radiohead 2007 waliweka albamu mtandaoni wakawaambia watu walipe wanachotaka, hata sifuri.

mpiga_besi: WALIAMUA WENYEWE. Na walishakuwa Radiohead. Mimi nani kaniuliza?

mama_wawili: Ngojeni niwape yangu. Harusi ya mdogo wangu, wimbo wa kuingilia nimekabidhiwa mimi, nikaushusha bure usiku wa kuamkia, nikasikiliza sekunde ishirini hivi nikaona poa kesho tutanunua wa maana, kesho yenyewe nani ana muda, bibi harusi anaingia taratibu watu wamesimama simu juu, ameshafika katikati likaja honi la meli PAAAAAA na sauti ya dijei inajitangaza jina mara tatu, yule mtoto akaganda mguu mmoja mbele, spika zote zinalia, mimi nimeshika laptopu natafuta pa kuzima mikono inatetemeka nikaongeza sauti

kipepe0: NIKAONGEZA SAUTI 😭😭😭

folda_ya_zamani: Bibi harusi alifanyaje??

redioni: Afadhali ya dijei. Mwaka 2003 Madonna alisambaza mafaili feki, ukishusha unakutana na yeye anakutukana.

mzee_wa_sahani: Folda yenyewe futa yote uanze upya. Siku hizi kuonja ni halali kabisa, Bandcamp, ule mtandao wasanii wanapouzia muziki wao, unasikiliza wimbo mzima kabla hujatoa hela, kisingizio kimeisha.

Bw_Kaseti: Usifute! Nyingine haziuzwi tena popote. Nenda shoo, nunua tisheti.

mpiga_besi: Tisheti sawa. Ila na albamu.

kipepe0: mama wawili rudi, bibi harusi??

mama_wawili: Alicheka mpaka shela likaanguka. Bwana harusi ndo hajanisamehe.

mpiga_besi: Na ule wimbo ulikuja kuununua?

mama_wawili: Kaka yangu acha hizo, harusi ilishapita