Naomba ushauri: fidla ya klasiki, ya Kiayalandi na ya taarab kwa pamoja, inawezekana?

Habari zenu wakuu. Fidla nimejifunza kwa njia ya klasiki: noti nasoma, skeli za kawaida hazinisumbui. Sasa natamani kupiga pia muziki wa Kiayalandi na taarab.

Kwenye Kiayalandi shida ni upinde. Huko mtetemo wa kidole hutumika kwa uchache, utamu uko kwenye mapambo ya haraka na namna upinde unavyounganisha noti. Nikipiga kama ilivyoandikwa, muziki unatoka mkavu kabisa.

Taarab ndiyo inanitoa jasho. Maqamu (skeli za asili ya Kiarabu) kama Rast na Bayati zina sauti zilizo katikati ya noti mbili za piano, na vidole vyangu vinakimbilia palepale vilipozoea. Halafu wapigaji wengi wa muziki wa Kiarabu hukaza nyuzi kwa G-D-G-D badala ya G-D-A-E ya kawaida. Nibadilishe, au nitajichanganya nikirudi klasiki? (Fidla ya pili kwa sasa siiwezi, mfuko hauruhusu.)

Mliopitia njia hii, mlijifunza mitindo yote sambamba au mmoja kwanza? Na sikio la robo toni (hizo sauti za katikati) mlilizoeza vipi bila mwalimu? Jibu la "fanya mazoezi tu" tafadhali liwekeni pembeni.